Kikapu cha Baba Koku

Mtu aliyeandika makala tatu gazetini, akiwafundisha wananchi kupika kahawa yao wenyewe, ni heri akiri hili kabla Temeke nzima haijamsimulia.

Jumamosi nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake Koku, mwanamke ninayetaka kumwoa. Nina miaka arobaini na miwili, na mzee alikuwa bado hajaamua kama nafaa. Nilimwamkia, akanipa kiti, kisha akanisogezea kikapu kidogo chenye kahawa kavu, na maganda yake.

"Karibu, ndugu mwandishi," alisema, akawa ananitazama.

Nikajua huo ni mtihani. Mzee alilima kahawa Bukoba miaka mingi, bila shaka alitaka kuona kama mkwe anaijua. Nikaomba kinu, kikaango na mkaa. Nikatwanga, nikapeta, nikakaanga, huku nikimweleza kwamba kahawa nzuri huanzia shambani, kwa kuchuma iliyoiva tu. Ilinuka majani yanayoungua. Nikasema hiyo ndiyo dalili ya ubora.

Nikaitwanga tena, nikaichemsha, nikammiminia. Mzee akaonja, akaweka kikombe chini taratibu.

"Koku, huyu amesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu, baba."

"Ukimwandalia wali, atakwenda kuupanda." Kisha akanigeukia. "Hii kwetu mgeni hupewa atafune. Ilikwisha kuchemshwa na majani ya kunukia huko nyumbani, ikakaushwa. Nilikuwa nakukaribisha tu."

Akanisogezea tena kikapu. Zilibaki punje mbili.

"Tafuna," alisema, akichukua moja, "ndipo tuzungumze habari ya Koku."