Nyumba ya Msiba Haipigwi Hodi

Jumapili ya pili ya Novemba mama yangu alifariki, huko kwetu milimani Usambara, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Mimi huku Toronto nilikuwa bado nimelala. Nilipoamka kumpikia Nonna uji nilikuta simu imejaa ujumbe, na wa mwisho ulikuwa picha ya kaburi lililokwisha kufukiwa. Sikupata nafasi ya kumuaga. Nilipata jambo lililokwisha.

Nonna maana yake ni bibi kwa Kiitaliano. Si bibi yangu. Ni mama mzee ninayemtunza, na ninakaa humohumo nyumbani kwake, katika chumba cha chini kabisa ambacho dirisha lake liko sawa na majani ya uani. Kazi hii ndiyo iliyobeba makaratasi yangu. Maombi yangu ya ukaazi hayajajibiwa, na nikitoka nchini kabla ya jibu huenda nisiruhusiwe kurudi. Hayo niliyajua tangu mama alipoanza kuugua. Niliyajua kila siku, nikakoroga uji.

Na hata kutoka nje ya nyumba si rahisi. Akili ya Nonna imechoka. Mwaka juzi alitoka peke yake na ndoo ya plastiki kutafuta chemchemi ya kijijini kwao, akapatikana kwenye kituo cha mafuta akiwauliza watu mbona maji yananuka. Baada ya hapo mwanawe aliweka kitasa cha namba mlangoni. Namba ninazijua, lakini namba hazinisaidii kitu kama hakuna wa kubaki naye. Mtu wa kunipokea zamu huja Jumamosi tu.

Nilimpigia mwanawe. Ni mtu mzima, ana kazi ya kutandika vigae, mpole. Akasema pole, na nadhani alimaanisha. Akasema mkewe amesafiri, na yeye ana nyumba ya watu Brampton lazima aimalize wiki hii.

"Jumamosi utapumzika siku nzima," akasema.

Nikamweleza kwamba kwetu matanga ni siku tatu. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, basi. Jumamosi hakuna tanga tena. Nikamwomba kama wanawake wenzangu wanaweza kuja hapa tukae pamoja. Akasema mama yake anaogopa watu asiowajua. Hilo si uongo. Alipokuja mtu wa kumnyoosha viungo, Nonna alijifungia kabatini, na mimi ndiye niliyembembeleza atoke.

Dada mmoja wa Tanga anayekaa mtaa wa Mount Dennis alinipigia muda si mrefu. Yeye ndiye huwa anatukusanya sisi Waswahili wa upande huu, harusi na misiba.

"Tuko tayari shoga, unakuja saa ngapi?"

"Siji. Sina wa kumwachia bibi."

"Basi tuje sisi."

"Hawataki wageni."

"Sasa utalia na nani humo ndani, na friji?"

"Hata friji yenyewe si yangu," nikamwambia. Tukacheka wote wawili, halafu yeye akaanza kulia kabla yangu.

Siku ile nilimwogesha Nonna, nikampa dawa zake, nikamchana nywele. Alikuwa anahadithia mji wao, kama kawaida. Kiingereza chake na changu ni ndugu, vyote viliokotwa njiani, lakini tunaelewana. Mji huo nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kutembea humo bila kuuliza, ingawa sijawahi kukanyaga Italia.

Uko juu ya mgongo wa kilima cha mawe. Ukiwa bondeni huuoni vizuri, kwa sababu nyumba zimejengwa kwa jiwe lilelile la kilima na zimeshikana migongo hadi zimekuwa ukuta. Kuna lango moja. Ukiingia, njia zote ni ngazi, na ni nyembamba hivi kwamba punda wawili wakikutana, mmoja lazima arudi nyumanyuma hadi mlango wa mtu. Kileleni kuna ngome iliyobomoka ya bwana mmoja wa zamani ambaye watu walimlipa sehemu ya mavuno. Mashamba yako chini, na chemchemi iko chini. Wanawake walipanda na mitungi ya shaba kichwani. Wanaume walishuka na kondoo kila majira ya baridi kwenye nchi tambarare ya mbali, wakarudi wakati nyasi zimeota.

Mwanzoni nilimuuliza kwa nini walijenga juu hivyo, wakati kila kitu kiko chini.

"Homa," akasema. "Bondeni kulikuwa na mbu. Aliyelala bondeni alitetemeka mpaka akafa. Na majambazi."

Nilishangaa kidogo, kwani hayo ndiyo aliyokuwa akisema babu yangu kuhusu kijiji chetu. Mababu walikimbilia mlimani kwa sababu ya homa na kwa sababu ya watu waliokuja kuteka ng'ombe. Sikujua kwamba Wazungu nao waliwahi kuikimbia malaria. Shuleni sikufika huko. Niliishia darasa la saba.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika mjini kwao Nonna, askari walilipua nyumba za karibu na lango, na familia zikakaa mapangoni pamoja na mbuzi. Vita vilipokwisha, watu wakaanza kuondoka. Mmoja alikuja Toronto kumwaga zege, akamwita kaka, kaka akamwita shemeji, mpaka ikawa karibu mji mzima umehamia mtaa huu wetu. Kule wamebaki wazee wachache na paka. Hata mtakatifu wao wamemtengenezea sanamu nyingine, na kila kiangazi wanamzungusha kwenye maegesho ya magari ya ukumbi wa sherehe. Nonna anamwonea huruma. "Hajazoea tambarare," husema. "Anaona kama hajafika popote."

Mimi pia Toronto inanichosha kwa hilo. Ukisimama dirishani unaona barabara inakwenda sawasawa, nyumba, nyumba, nguzo, basi linapita. Hakuna mahali pa kupanda ukatazama ulikotoka.

Jumatatu asubuhi nilijifunga kanga ya mama kiunoni, nikawasha jiko nichemshe kahawa. Nonna akanitazama usoni muda mrefu. Siku nyingine hata hanijui, lakini siku ile alinijua.

"Binti, nani amekufa?"

"Mama yangu."

"Zima moto."

Nikadhani anaogopa jiko, kama mara nyingi. Nikamwambia nipo, haitaungua. Akapiga meza kwa kiganja.

"Zima. Nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika. Mama yako hakukufundisha?"

Nikazima. Kwetu ni vilevile, mfiwa hapiki, lakini sikuwa nimejiona kama mfiwa. Nilijiona kama mtu aliye kazini.

"Na mlango uko wazi?"

"Umefungwa, Nonna."

"Watu wataingiaje?"

"Watapiga hodi."

Akanitazama kama ninavyotazamwa benki. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba katika mji wao nyumba ya msiba haipigwi hodi. Anayegonga mlango ni mchumba au mtoza kodi. Penye maiti mlango huachwa nusu wazi, ili mtu aingie bila mfiwa kusimama wala kuitika. Ukiona mlango uko nusu wazi, unajua.

Sisi tumelelewa kinyume. Hata kwa dada yako unapiga hodi ndipo uingie. Lakini niliona anaanza kuhangaika na kunyanyuka kitini, na akihangaika hivyo siku nzima huharibika. Basi nikabonyeza namba, nikafungua mlango, nikauzuia kwa kiatu changu cha theluji. Nikaweka kiti pale ukumbini nikakaa, ili asinipite. Upepo wa baridi ukaingia moja kwa moja. Nia yangu ilikuwa kungoja atulie kisha nifunge.

Sikukaa sana. Mzee mmoja mwanamke wa ng'ambo ya barabara, anayevaa nguo nyeusi tangu nimjue, alikuja akiburuta miguu, ameshika chupa ya chai yenye kahawa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaingia bila neno, akanibusu mashavu yote mawili, akapita hadi sebuleni akifanya ishara ya msalaba. Kisha nikamsikia.

"Komare! Wewe hujafa?"

Komare ndivyo wanavyoitana wanawake wa mji ule, kama sisi tunavyosema shoga.

"Bado," Nonna akasema. "Kahawa ina sukari?"

"Nimeuona mlango."

"Umeuona vizuri. Msiba ni wa huyu. Mama yake."

Jirani akageuka kunitazama. Nilikuwa nimesimama pale na kanga yangu, sijui niombe radhi au nifanye nini. Akaketi kwenye kochi, akapigapiga mahali karibu naye. Nikaenda nikakaa. Akanishika mkono akauweka mapajani mwake. Hapo ndipo nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Tatizo ni kwamba kabla ya kuvuka barabara alikuwa amepiga simu. Wazee wa mji ule waliobaki mtaani si wengi, lakini simu zao zinafanya kazi. Wakaja wengine wawili, mmoja na sufuria ya supu ya kuku, mwingine na bakuli la tambi. Kila aliyeingia alishtuka kumwona Nonna, na kila mara Nonna alisema, "Bado." Alianza kufurahia. Tambi zilikuwa na soseji ya nguruwe, nikampitishia jirani, hakuna aliyeniuliza sababu. Supu niliinywa. Sikuwa nimekula tangu jana yake.

Ndipo gari la mwana wa Nonna likapanda hadi kwenye majani. Akaingia mbio, suruali ina vumbi la vigae, macho mekundu. Fundi mwenzake alikuwa amempa pole kwa kufiwa na mama. Akamwona mama yake ameshika bakuli. Akasimama katikati ya sebule, akajishika kichwa, akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

"Nani aliufungua mlango?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

Nilijua nimepoteza kazi, na makaratasi pamoja nayo. Nilimwona anatafuta maneno. Mama yake akamtangulia.

"Vua kofia. Mpe mkono. Amefiwa na mama yake."

"Ma, najua. Aliniambia jana."

"Jana? Na jana ulimletea nini?"

Yule jirani wa nguo nyeusi akasema, bila kumtazama, akikoroga kahawa yake, "Bibi yako alipokufa kule, mama yako aliambiwa akiwa kiwandani. Akamaliza zamu yake ya kushona, akarudi nyumbani akakupikia. Hatukujua mpaka Jumapili kanisani."

Mwana akavua kofia. Akanipa mkono, wenye baridi na vumbi, akasema pole kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiingereza. Akakaa. Wakampakulia supu, akala.

Baadaye akanifuata jikoni. Akasema mlango usifunguliwe tena hivyo, hata siku moja. Nikasema sawa. Akasema kesho anaweza kukaa yeye na mama kuanzia mchana hadi jioni, niende Mount Dennis kwa watu wangu. Zaidi ya hapo hawezi. Nikamshukuru. Lakini Nonna anasikia anayotaka kuyasikia, na kutoka sebuleni akasema mfiwa hatoki nje. Mfiwa anakaa, watu ndio wanakuja.

"Ma, hao huwajui."

"Nilikuwa namjua nani nilipofika nchi hii?"

Mwana akanitazama, amechoka. "Ni wangapi?"

"Sita. Labda saba."

"Viatu wavue mlangoni," akasema.

Jumanne wakaja. Dada wa Tanga alitangulia, akapiga hodi kwa sauti ya Tanga nzima, na nikaona mwana anacheka peke yake akienda kufungua. Walikuja na mikeka, juzuu, sufuria ya pilau iliyofungwa kwa taulo, na kaimati. Walisukuma kochi ukutani. Nonna hakujificha kabatini. Alikaa kitini kwake na shali nyeusi, na kila mmoja aliyeingia alimpa mkono akadhani ni desturi, naye akawaitikia kwa lugha yake kama mwenye nyumba. Dada akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu bibi kafiwa na nani?" Nikamwambia ni hadithi ndefu, nitamweleza.

Tukasoma hitima. Midomo ya Nonna ilikuwa ikienda na rozari yake muda wote. Mwana alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma. Mama yangu aliombewa kwa jina lake na jina la baba yake, kwa sauti, na watu wakaitikia amina. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, nami sikudai zaidi.

Tulipomaliza, dada akaanza kupakua. Nonna akanivuta kanga.

"Jeneza litashushwa saa ngapi? Ngazi zina utelezi."

Nikamwambia hakuna jeneza, mama amekwisha kuzikwa tangu Jumapili.

"Basi mmechelewa kula," akasema, akasogeza sahani yake ipakuliwe.