Kazi ya Kutoelewa

Wiji Rahayuni alirudi kukaa kwa mama yake mjini Salatiga, kisiwani Java, mwaka ule kiwanda cha nguo kilipofunga milango na kuwaacha wanawake wa mtaa mzima wakitazamana. Mume alishajiondokea zamani na mwanamke wa Semarang. Mtoto hakuwa naye. Akaishika kazi ya mama, kutwanga karanga na sukari na kuzifunga kwenye karatasi, zile kashata ziitwazo gepuk ambazo wasafiri wa njia ya kwenda Solo hawapiti bila kununua. Chumba cha mbele alikikuta kimeshakaliwa na mdogo wake Anggit, na kompyuta zake, na godoro lisilotandikwa.

Anggit alikuwa ametengeneza kitu alichokiita Anyam. Ulikuwa mfumo wa kujengea tovuti: badala ya mtu kuanza kila kitu mwenyewe, anachukua Anyam, anapanga vipande vyake, tovuti inasimama. Ulikuwa wa bure, na undani wake wote ulikuwa wazi. Yeyote aliweza kuuchukua, kuurekebisha na kurudisha alichorekebisha. Wenzake walikuwa Manila na Hanoi na kwingineko, watu aliowajua kwa maandishi tu. Mafundi wa kompyuta waliusifu. Tatizo lilikuwa wanaoanza. Walikuja wengi, wakafungua ukurasa wa kwanza wa mwongozo, wakaondoka wasionekane tena.

"Wavivu," Anggit alisema siku moja wakila. "Kila kitu kimeandikwa. Hawasomi."

"Labda umeandika vibaya," Wiji akasema, akimsogezea sambal, pilipili ya kusaga.

"Mbak," Anggit akasema, kwa neno la Kijava la kumwita dada, "wewe unajua nini?"

"Sijui kitu. Ndiyo maana nasema."

Anggit akaacha kutafuna. Alasiri ileile akamvutia dada yake kiti mbele ya kompyuta. "Kaa. Fuata kilichoandikwa. Usiniulize kitu."

Mwongozo ulianza kwa kusema: fungua terminali. Wiji akaitazama kompyuta kwa mbele, akainama akaitazama kwa nyuma.

"Inafunguliwa wapi?"

"Nimekwambia usiulize! Ni lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kila mtu analijua."

"Mimi silijui. Basi si kila mtu."

Wakaendelea. Kila amri kwenye mwongozo ilitanguliwa na alama ya dola, desturi ya mafundi ya kuonyesha kwamba hapa ndipo unapoandika. Wiji akaandika amri pamoja na dola yake, kompyuta ikamkatalia.

"Hiyo dola huiandiki!" Anggit akajishika kichwa.

"Sasa imewekwa ya nini, pambo?"

Alipofika kwenye amri ya kuiwasha tovuti, dirisha likanyamaza. Wiji akangoja, akaona limekwama, akalifunga. Kumbe tovuti ilikuwa imeshawaka, ukimya ule ndio ulikuwa dalili yake.

"Si ingesema!" akafoka. "Hata wali ukiiva unanukia. Na hii 'tu' yako, Dik, mdogo wangu, iondoe. 'Andika tu hivi.' 'Ongeza tu mstari huu.' Nikishindwa na kitu cha 'tu', mimi ni nani? Inanitukana."

Anggit hakucheka. Alikuwa akiandika.

Basi ikawa desturi yao. Akimaliza kufunga kashata, Wiji ananawa mikono na kwenda chumba cha mbele kushindwa. Anggit anaandika ukurasa, Wiji anakwama, Anggit anafuta, anaandika upya. Siku nyingine waligombana mpaka mama akapiga ukuta. Lakini Wiji alizipenda alasiri zile kuliko alivyothubutu kusema. Kiwandani alikuwa amekaa miaka mingi bila mtu kumuuliza alionaje jambo lolote. Hapa alikuwa akisema "hapa pameniacha", na ukurasa unabadilika.

Mwongozo mpya ulipotoka, waliokuwa wakikimbia wakakaa. Walimu wa vyuo wakaanza kuufundishia. Watu wakaandika kutoka kila upande kwamba hawajawahi kusoma mwongozo wenye utu namna ile. Kampuni moja ya Jakarta ikamchukua Anggit kwa kazi nzuri, na kabla hajahamia huko akaalikwa kuzungumza mbele ya mkutano wa mafundi. Wiji na mama walimtazama kwenye simu, jikoni, masufuria yamewekwa kando.

Alikuwa amevaa batiki mpya. Akaeleza alivyojifunza kumfikiria anayeanza. "Nyumbani kuna mama mmoja muuza kashata," akasema. "Nilimwambia afungue terminali, akaenda kuitafuta nyuma ya kompyuta!" Ukumbi ukacheka. "Akaandika mpaka alama ya dola!" Wakapiga makofi. "Nikasema, huyu akielewa, nani atashindwa?"

"Huyo si wewe?" mama akauliza, anacheka mpaka machozi.

"Ndiyo mimi," Wiji akasema. Akasimama akawasha jiko.

Anggit alipokuja kuchukua vitu vyake, Wiji alimkuta anafunga nyaya.

"Dik, ule ukurasa wa majina ya waliosaidia. Nimeuona."

"Enhe."

"Kuna mtu yuko pale kwa kurekebisha koma."

"Ndiyo utaratibu, Mbak. Ukirekebisha kitu, mfumo unakuandika wenyewe."

"Mimi sipo."

Anggit akacheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona si utani. "Mbak, pale ni kwa walioandika. Wewe uliandika nini? Usinielewe vibaya, ulinisaidia sana. Lakini kazi yako ilikuwa kutoelewa. Nitakuandikaje? 'Wiji, hakuelewa'?"

"Niandike hivyohivyo."

"Watu watanicheka."

"Wameshacheka," Wiji akasema. "Mimi ndiye niliyechekwa."

Anggit akarudi kwenye nyaya zake. Alipoondoka aliacha kompyuta moja ya zamani, akisema ni ya dada.

Wiji aliitumia. Alijitengenezea tovuti ndogo ya kashata kwa Anyam, peke yake, na oda zikaja mpaka kutoka Surabaya. Baada ya muda akaona kosa kwenye mwongozo: ukurasa wa picha ulikuwa umerekebishwa na mtu na hatua moja imeachwa. Akaandika pendekezo lake mahali panapotakiwa, kwa uangalifu, akilisoma na kulisoma tena. Akajibiwa na mtu asiyemjua, kwa heshima, kwamba pendekezo limefungwa bila kukubaliwa kwa kuwa halikufuata utaratibu, na kwamba ni vyema kwanza akasome mwongozo wa wanaoanza.

Hakumwambia mtu.

Miaka ikapita, Anyam ikakua, ile kampuni ya Jakarta, ambayo sasa iliisimamia, ikaajiri waandishi wa mwongozo. Mwongozo ukanenepa ukarudi kuwa mgumu, na wanaoanza wakaanza kukimbia tena. Mwezi wa mfungo, Anggit akaja Salatiga na kompyuta mpya. Akavuta kiti, palepale chumba cha mbele.

"Mbak, naomba unikalie kama zamani. Wameniharibia kila kitu."

Wiji akanawa mikono, akakaa. Alifurahi kuitwa, akajichukia kwa hilo. Akasoma. Akafungua dirisha jeusi, akaandika amri, akaruka mstari uliokosewa na kuweka ulio sahihi, tovuti ikawaka. Hakukwama popote.

"Hapa pamekosewa," akasema, "na pale pamerukwa hatua. Nikuandikie? Naweza kukuandikia ukurasa mzima."

Anggit alikuwa akitazama skrini, uso umemwanguka.

"Unaelewa," akasema.

"Ulinifundisha mwenyewe."

"Waandishi ninao, Mbak. Ninachotaka ni mtu asiyejua." Akajikuna shingo. "Bu Tumi wa hapo jirani bado yuko nyumbani mchana?"

Bu Tumi, yaani Mama Tumi, mjane mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima, akaja na kanga yake kichwani, akaketi kwenye kiti kile. Wiji alirudi jikoni kutwanga. Kupitia ukutani alimsikia Bu Tumi akiuliza kitu, na Anggit, kwa sauti ya upole ambayo Wiji hakuwahi kuonjeshwa, akisema, "Uliza, Bu, uliza chochote." Kutokana na swali alijua jirani amekwama wapi, na alijua neno gani lingemtoa. Akaendelea kutwanga mpaka karanga zikatoa mafuta, zikawa hazifai kwa kashata.

Siku ya Idi, kwa desturi ya pale, wadogo walipiga magoti mbele ya wakubwa kuomba radhi. Anggit akamaliza kwa mama, akaja kwa dada yake, akainamisha kichwa kwenye mikono yake. Akayasema maneno yanayosemwa na kila mtu, nisamehe kosa la wazi na la siri. Wiji akangoja kidogo, labda angetaja kosa lenyewe. Nyuma yake binamu walikuwa wamepanga foleni.

"Nimekusamehe," akasema, kama inavyopasa kusemwa, na Anggit akainuka, akapisha wa nyuma yake.