Kibao cha Maji Yaliyopimwa

Kilichoninyima usingizi usiku wa kuamkia ile Jumapili kilikuwa swali moja: je, kama weusi wa ile chupa ulikuwa masizi tu? Asubuhi kanisa la mtaa wetu lingebatiza watu ziwani, pale pale nilipochota maji ya chupa ile, na kati ya watakaozamishwa alikuwemo bibi yangu, aliyetoka hospitali juzijuzi kwa ajili ya tumbo. Kama chupa ilisema kweli, bibi angemeza ugonjwa mbele ya macho yangu. Kama ilidanganya, mimi ningekuwa mtu aliyeharibu ubatizo kwa sababu ya moshi wa mkaa.

Nilitoka chuoni na shahada ya mazingira na woga wa kila kitu. Shirika dogo la hapa Uvira likanipa kazi ya kupima afya ya maji upande wa Nyamianda, mahali kijito kinapoingia ziwani baada ya kupita nyuma ya vyoo vya mtaa mzima. Nilipindua mawe kutafuta wadudu wadogo ambao hukaa kwenye maji mazima tu. Sikupata hata mmoja, nikaanza kujiuliza kama wamenikimbia mimi. Kisha nikajaza chupa yenye karatasi ya dawa. Chupa hiyo huwekwa mahali pa joto, na ikigeuka nyeusi ujue maji yameingiwa na kinyesi. Mahali pa joto nyumbani kwetu ni kando ya mbabula, jiko la mkaa ambalo bibi hupikia maharage. Ikageuka nyeusi kama chungu.

Mtu mwingine angeamini. Mimi nilijaza ya pili, nayo ikawa nyeusi. Nikadhani dawa imeharibika. Nikaenda kuchota mbali na kijito, kule kwenye mawe makubwa, na chupa hiyo ikabaki safi. Hapo nikaanza kuishuku hiyo safi.

Mkuu wangu wa kazi aliniambia niache kuzungukazunguka, niweke kibao pale ufukweni watu wajue. Nilikaa na sentensi za kibao hicho kwa muda ambao mtu angejenga nyumba. Sikutaka kutisha watu, sikutaka kuudhi wenye vyoo, na sikutaka kusema jambo ambalo mtaalamu wa kweli angelicheka. Mwishoni nikaandika kwamba maji ya sehemu hii yamepimwa, na kwamba huenda hali yake imeathirika kwa kiwango fulani, hivyo wakaaji wanaombwa kuwa waangalifu. Fundi wa kuandika vibao alisoma, akakuna kichwa, akasema maneno ni mengi kuliko mbao. Nilipoenda kukichukua nilikuta MAJI YAMEPIMWA kwa herufi kubwa za buluu, mengine yote yamebanwa chini kama mchwa, na pembeni samaki anacheka. Nilimuuliza samaki anacheka nini. Akasema kibao kisicho na picha hakisomwi. Sikuwa na ujasiri wa kubishana na mtu aliyeshika brashi, nikakichukua, nikakisimamisha ufukweni.

Tangu nikiwa mtoto sijaona kibao kikisimamishwa hapa kwetu kutangaza jambo baya. Kibao husimama mahali mradi umechimba kisima au umefunga bomba, na watu hukifuata hata bila kukisoma. Mimi, mzaliwa wa hapa, nilisahau hilo. Kesho yake nilikuta pale kwenye kibao foleni ya bidoni, madumu ya kuchotea maji, ambayo haikuwepo kabla. Akina mama walikuwa wametoka hata avenue za mbali. Mmoja aliyekuwa akijaza alinipa habari kama mtu anayemsaidia mgeni.

"Chota na weye. Hapa iko proje sasa, maji wamepima."

Nilimwambia kupimwa si kupona. Akanijibu kwamba bibi yake mwenyewe alipimwa hospitali akapona, tena haraka. Nikaanza kumweleza kuhusu vimelea, lakini bidoni yake ilijaa kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Ijumaa shemasi akapita nyumbani kunishukuru. Kanisa lao hubatiza kwa maji mengi, mtu anazama mwili mzima, na miaka yote walifanya kule kwenye mawe, ambako wazee huteleza. Sasa wameona kibao, wamefurahi, ubatizo unahamia pale kwenye kibao. Bibi, ambaye utotoni alinyunyiziwa maji kichwani kwa Wakatoliki na sasa alitaka kuzama kabisa, alimwambia shemasi kwamba mjukuu wake ndiye aliyetengeneza maji yale. Nikafungua mdomo. Shemasi akanipa mkono, nikaufunga mdomo.

Jumapili nilienda bila kulala, viatu vya kazi miguuni. Kwaya ilikuwa inaimba, wabatizwa wamepanga mstari na nguo zao nyeupe, bibi wa kwanza kwa heshima ya umri. Pasta alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Alipomnyooshea bibi mkono, nikaingia majini na viatu vyangu, nikamwendea pasta, nikaanza kunong'ona kwa Kifaransa, kwa sababu kwa Kifaransa jambo lile lilikuwa na adabu. Nilisema habari ya kontaminasyo, ya viashiria, ya tahadhari.

"Mwanangu," pasta akasema, "bibi anasikia baridi. Sema kwa Kiswahili."

Mbele ya wazee kuna neno ambalo mtoto aliyelelewa vizuri halitamki. Nilitafuta lingine nikiwa nimemtazama bibi, maji yamemfika magotini, anatabasamu. Sikulipata.

"Pasta, maji haya yana mavi."

Kwaya ilikuwa imemaliza ubeti wakati huohuo. Ufukwe mzima ukasikia. Pasta akainua mikono yake juu, akaiangalia, akabaki hajui aiweke wapi.

Bibi ndiye aliyeuliza. "Mavi ya nani?"

"Ya wote, bibi. Ya mtaa mzima. Na ya kwetu."

Mtu mmoja akaanza kucheka kule nyuma, halafu kwaya nzima, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Nilimshika bibi mkono nikamtoa, nikasema kwa nguvu kwamba kule kwenye mawe nimepima na ni pazuri, na wazee tutawashika wasiteleze. Pasta alikuwa ameshatoka majini kabla sijamaliza.

Akina mama wa bidoni walikuwa wamesimama wananitazama. Yule wa siku ile aliuliza na wao je, wamekuja toka mbali. Nilitaka kumwambia inategemea.

"Mwaga, mama," nikasema. "Yote."

Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyebeba mzigo bure. Nikaenda nikashika bidoni upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, tukaiinamisha.