Safu ya Mbele Imejaa

Mzee Bernardo huamkia makaburini. Wapo wanaomsema kwa hilo, lakini ndiyo kazi aliyorithi kwa baba yake: kuchimba na kutunza makaburi ya kambi ya zamani ya mkonge, ukishaiacha Segera kuelekea Korogwe. Ana miaka sabini na kitu. Mimi mguu wangu hautulii, leo Chanika, kesho Lutindi, ila nikipita pale lazima nilale kwake, na kila nikilala nasikia lalamiko lile lile: waheshimiwa.

"Wakiwa hai hawatuoni," huniambia. "Wakifa wanataka kulala mbele yetu."

Na kweli. Kando ya barabara kuna safu moja ya makaburi ya vigae: mbunge mmoja na madiwani watatu. Walizikwa pale ili magari ya wageni yasipate taabu. Wawili kati yao walinyang'anyana kata miaka kumi, sasa wamelala bega kwa bega. Familia zao zikija kufagia, kila moja husukumia majani upande wa mwenzake, na wa kuyazoa ni Bernardo.

Pembeni yao hakuna vigae, kuna mikonge. Wakata mkonge waliotoka Msumbiji, Burundi na kwingineko hawakuwa na saruji. Kila waliyemzika walimpandia mkonge kichwani. Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti wa maua ukafa, chini ukaacha machipukizi. Bernardo huacha chipukizi moja, mengine anang'oa, ili kila marehemu abaki na mkonge wake. Wa mama yake, Yusta, ni wa tatu kutoka barabarani. Hakuna jiwe wala jina. Mkonge ule ukiondoka, Yusta naye hajulikani alipo.

Basi mwaka huu, masika yalipokatika, akafariki diwani mstaafu, Kaleb. Nilikuwepo. Alhamisi asubuhi akaja Fabiani, katibu wa kamati ya mazishi, na pikipiki yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na msiba. Nyuma kule pana nafasi nzuri, chini ya mwarobaini."

"Nyuma? Mzee, huyu alikuwa diwani vipindi vitatu! Safu ya mbele imejaa, basi tutaiongeza, hapa kwenye pori la mkonge. Kesho linakuja greda kusawazisha, turubai nalo lipate pa kukaa."

"Fabiani mwanangu, hilo si pori. Hao ni watu."

"Watu gani? Mbona sioni hata msalaba mmoja?"

"Babu yako mzaa baba yumo. Umeegesha pikipiki kichwani kwake."

Fabiani akaitazama pikipiki. Akaisogeza hatua mbili. Halafu akasema, "Mzee, kamati imeshakaa," akaondoka.

Sijapata kumwona Bernardo vile. Aliketi, akainuka, akaketi tena. "Kamati imekaa! Kuku akitaga tunaambiwa kamati imekaa. Greda litapita juu ya mama yangu ili mtu apate pa kuweka viti vya plastiki!" Chai ikapoa, hakuigusa. Kisha akachukua sururu na chepe, akaenda nyuma, chini ya mwarobaini, akaanza kuchimba. Nilimpelekea maji mara tatu. Jua halijazama, kaburi lilikuwa tayari, kuta zimenyooka kama za nyumba.

Kwetu huku kila mtu anajua: kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Litaita mtu, na huanza na waliolikataa.

Ijumaa greda likaja, Fabiani mbele yake. Bernardo akamwonyesha. Fabiani alichungulia shimo, akarudi nyuma haraka.

"Nani kakutuma uchimbe hapa?"

"Mtu amekufa. Mimi ni mchimbaji."

"Basi lifukie!"

"Chepe hilo hapo. Fukia wewe."

Dereva wa greda akazima mashine. "Jamani, mimi simo. Nina watoto."

"Wazee huwa wanazika mgomba badala ya mtu," Fabiani akasema, sauti imeshuka.

"Ndiyo. Na mgomba huo hubebwa begani, kama maiti, na aliyeamuru kufukia. Migomba iko pale kisimani, kakate."

Hakwenda. Alimpigia simu mwenyekiti wa kamati, akaambiwa afanye aonavyo, simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupatikana. Wakasimama hivyo, wanaume wazima, wanalizunguka shimo kwa mbali, mpaka akafika mjane mwenyewe, Mama Rhoda, kuona mahali mumewe atakapolala.

"Mnabishana nini na maiti iko ndani?"

Bernardo akamweleza, akamwonyesha na mkonge wa Yusta. Mama yule akatazama shimo, akatazama mwarobaini.

"Kaleb jua lilikuwa linamtesa sana," akasema. "Mwekeni kivulini. Na hilo greda lirudi lilikotoka, nimechoka na kelele."

Jumamosi tukazika. Wageni waliacha magari barabarani, wakaja kwa miguu kati ya mikonge, wakiinua nguo. Mheshimiwa mmoja mkubwa akachomwa na mwiba, suruali ikachanika gotini. Alipopewa kipaza sauti hakumzungumzia marehemu hata kidogo.

"Ndugu waombolezaji, hii ni aibu! Naahidi mbele ya jeneza hili, kabla ya Krismasi nitaleta greda, pori lote hili tutalifyeka!"

Watu wakapiga makofi. Nikamgeukia Bernardo, nikidhani ataanguka. Ameegemea chepe lake, ametulia, anaitazama safu ya mbele.

"Yule wa kwanza alituahidi maji, amesimama hapa hapa," akaninong'oneza. "Wa pili uzio. Wa tatu daraja. Wa nne ndiyo sikumbuki, aliahidi vingi."

"Sasa tutafanyaje?"

"Tufanyeje nini? Mikonge imepona. Imeshaahidiwa."

Akashika chepe, akaenda kumfukia Kaleb.