Ngoma Iliyoimba kwa Koo la Kinanda

Mvua imekatika juu ya Mweso, Kivu Kaskazini. Katika chumba cha mbao nyuma ya duka la Mama Kaswera, Consolée anapangusa mashine ya ngoma kwa ncha ya kitenge, kisha anaiunganisha na kinanda kwa waya mweusi. Anabonyeza kidude kimoja cha mashine. Kinanda, ambacho hakuna mtu aliyekigusa, kinalia.

"Inanitii," anasema. "Lakini sijui kama mimi naielewa."

Consolée hupiga kinanda kwa kukodishwa: harusi, misa, matanga. Wenye fedha humlipa fedha; waliokimbia vita, na ndio wengi, humlipa maharagwe. Vita vilipofika Kalembe alikimbia na kinanda mgongoni, akateleza matopeni, na meno yote ya kinanda, vile vibao vya kubonyeza, yakang'oka. Koo lake la sauti likabaki zima, lakini pa kuligusa hapakuwapo.

Mashine ya ngoma si mali yake. Ni ya Dusabimana, mwenzake wa kazi, aliyemkabidhi njiani akarudi kuwafuata ng'ombe wa mama yake. Tangu siku hiyo hajaonekana.

Mashine ina vidude kumi na sita. Kila kimoja hupitisha katika waya si sauti bali namba, na kinanda huisoma namba hiyo kuwa noti. Ngoma kubwa hugeuka do, ngoma ndogo re, matoazi fa dièse, yaani fa iliyopandishwa nusu. Hivyo ndivyo chombo kisicho na koo kilivyokisemesha kilichopoteza meno.

Siku ya kwanza alipoviunganisha, kidole cha Consolée kiligusa kitufe cha kuanzia. Mdundo aliouhifadhi Dusabimana ukaanza wenyewe, ila ulitoka kinandani, kwa upole, kama mtu anayejiimbia. Mlangoni alikuwa amesimama Nyiransengimana, mama wa Dusabimana, aliyekuja kuomba chumvi. Akaketi chini palepale.

"Huyu njo mutoto yangu. Ule wimbo alikuwa anaimbia ngombe kule Nyamitaba."

"Mama, haiko wimbo. Iko ngoma ya ndoa. Mashine njo inachanganya."

"Mashine, ao wewe?"

Tangu hapo mama huja kila jioni, na kila jioni huuimba kwa namna nyingine. Akisahihishwa, hucheka: "Mashine inajua ngombe?"

Kisha ikaja harusi. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi hupanda noti mbili juu ya pale vidude vinapoishia. Ukiushusha, pengo huhamia chini. Fundi mmoja wa Goma alimweleza kwa simu kwamba mashine hiyo, kuukuu kama ilivyo, haibadili namba zake mpaka kumbukumbu yote ifutwe, pamoja na mdundo wa Dusabimana.

"Dada Consolée, futa hiyo kitu," alisema Grégoire, kiongozi wa kwaya. "Kinanda kikiruka noti mbele ya bibi arusi, nani atakuita tena? Ule mudundo utaupiga upya!"

"Nitaupiga, Papa. Lakini Dusabimana anachelewa kidogo pale kwa re. Kule kuchelewa kwake, nitakutoa wapi?"

Consolée alimwendea mama wa Dusabimana. Nyiransengimana alimsikiliza, kisha akauliza:

"Ukifuta, na yeye akirudi, utamuambia nini?"

Consolée hakufuta. Siku ya harusi wimbo ulipopanda, mkono wake uliinuka hewani bila pa kutua, na kanisa likanyamaza. Ndipo kigelegele kikapasuka kutoka benchi la nyuma: Nyiransengimana, peke yake, kisha wanawake wote pamoja naye. Bibi harusi akaingia akicheka.

"Mulipanga bile?" Grégoire alimnong'oneza, akitaka kujua kama walipanga hivyo.

"Sijui, Papa. Muulize mama."

Mama alipoulizwa, alisema alidhani wimbo umekwisha.

Sasa familia nyingine mbili zinamtaka Consolée, na zote zinataka "ile ya kunyamaza." Yeye hajui afurahi au aone haya. Anatumaini kupata kinanda chenye meno, ili mashine ya Dusabimana irudie kazi yake ya ngoma. Kama mwenyewe yu hai, ajuaye ni Mwenyezi Mungu.

"Akirudi," asema Consolée, akifunika mashine kwa kitenge, "nitamuuliza kitu kimoja tu, mbele ya mama yake: kaka, ile uliyotuachia, iko ngoma ao iko wimbo?"