Kitenge Kilicholowa

Wageni huona haya mtoto wao akinikojolea mapajani. Mimi huwaambia wamwache, kwa sababu harufu ile ya mkojo wa moto kwenye kitenge hunirudisha uani kwetu Hasamba, katikati ya miti ya kahawa.

Nilikuwa bado mtoto, na tulikuwa tumetoka msibani, ambako watu wote walinawa mikono kwenye beseni moja kabla ya kula. Kesho yake mdogo wangu akaanza kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Bibi, mama yake baba, akauficha mtungi.

"Maji ndiyo yanayomharisha," alisema. "Asipewe hata tone."

Mama hakuwahi kumbishia mkwewe. Siku ile alirudi mbio kutoka zahanati na pakiti za dawa ya kuchanganya na maji. Akaifinya ngozi ya tumbo la mtoto, ikabaki imesimama.

"Mama, nisamehe," akamwambia Bibi. " Nesi amesema mtoto akiwa hivi mwili umekauka. Namnywesha."

Bibi akampakata mjukuu wake huku amenuna, nami nikashika kijiko. Mtoto akitapika, nasubiri kidogo, naanza upya. Jua lilipofika utosini nikamfinya tumbo kama alivyofanya Mama. Ngozi ikarudi, ingawa kwa uvivu. Nikaendelea.

Alasiri Bibi akashtuka, akatazama mapaja yake. Kisha akapiga vigelegele, mpaka majirani wakaacha kuchuma kahawa na kuja mbio wakiuliza nani anaolewa.

Bibi akawanyooshea kitenge kilicholowa.

"Tazameni! Mjukuu wangu ana maji mpaka ya kumwaga!"