Nilificha Uso, Nikaacha Kitenge

Nilikosa mimi. Msinitafutie utetezi, nimeshajitetea vya kutosha na kila nikimaliza naiona damu palepale sakafuni.

Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya kimoja upande wa Mikumi. Dada mmoja, nitamwita Ester, aliletwa na bodaboda kutoka Vidunda. Mumewe alikuwa amemkata panga mkono wa kushoto mpaka mfupa unaonekana. Kosa lake? Alisema anarudi kwao!

"Shikamoo daktari," alinisalimia, meno yanagongana. "Nakuomba, mtu asijue niko huku. Ameapa kunimaliza."

"Marahaba. Hapa uko salama," nikamjibu. Mdomo wangu huu!

Nilihofia kano zimekatika. Ningempigia daktari wa upasuaji Morogoro, mtu mmoja tu, yakaisha. Mimi nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu letu la simu, matabibu zaidi ya mia: "Mwanamke, panga, yupo hapa kwetu Mikumi. Naomba ushauri." Uso nilikuwa nimeukata kwenye picha, nikajiona mtaalamu kwelikweli. Ushauri ukaja, nikamshona.

Lakini mkono ule ulikuwa umelazwa juu ya kitenge alichojifunga. Kwangu kilikuwa kitambaa tu. Kumbe ni sare ya harusi ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, wamevaa ndugu peke yao! Mmoja wetu kwenye grupu alikuwa ndugu wa bwana harusi. Akakitambua, akaituma picha kwenye grupu la ile harusi: "Jamani, huyu si mwenzetu? Tumwombee." Hakuwa na nia mbaya. Mume wa Ester alikuwa humo.

Kesho yake saa sita mchana, mwanamume mtaratibu alisimama mlangoni kwangu, koti limekunjwa kwapani. Akaniamkia. Nikaitikia! Kisha akanionyesha simu yake.

"Huyu mmemlaza wapi?"

Ilikuwa picha yangu, na maneno yangu chini yake.

Ester alikuwa anatoka wodini kwenda msalani, akamwona, akapiga yowe. Koti likaanguka, panga likabaki mkononi. Nilimrukia yule bwana mgongoni, akanipiga kiwiko, meno mawili yakang'oka. Ester alikinga kichwa kwa mkono uleule niliomshona. Pigo la kwanza lilifumua nyuzi zangu zote. La pili liliukata mkono kabisa. Nilisikia ulivyodondoka, Mungu wangu! La tatu lilimpasua shavu, damu ikaruka mpaka kwenye madirisha.

Ndugu wa wagonjwa walimwangusha kwa chuma cha kutundikia dripu. Na mimi nilimkanyaga kichwa, sifichi. Nilimkanyaga huku nikilia, na ningemuua kama nesi asingenivuta. Najua sasa kwamba nilikuwa najikanyaga mwenyewe.

Yeye yuko rumande. Mimi nimesimamishwa kazi, na ni haki yangu.

Nilikwenda kumwona Ester alikohamishiwa. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Daktari, nilikuambia wewe peke yako," alisema. Hakulia hata kidogo.

Simu yangu ikaita mfukoni. Nilipoitoa niizime, alijivuta ukutani akajifunika shuka gubigubi. Mama yake akaniomba nitoke, kwa heshima zote. Afadhali angenizaba kofi!

Wenzangu mnaotibu, na ninyi wepesi wa kusambaza, nawasihi. Kuficha uso hakumfichi mtu! Mtu anajulikana kwa kovu, kwa nguo, kwa kucha. Ukitaka ushauri, mwombe mgonjwa ruhusa, kisha mtumie daktari mmoja unayemjua. Usiandike yuko wapi.

Mimi sikumuuliza. Yule dada ni mkulima wa mlimani, hajui kazi nyingine. Niambieni, jembe atalishikaje?